Shajara ya mradi: salfa-35 ndani ya gegedu la kifaranga, Machi hadi Juni 2025

3 Machi, Jumatatu

Kichupa kimefika. Mzee wetu wa maabara alinipigia simu saa mbili asubuhi akasema neno moja tu: "Njoo." Nilipoingia alikuwa ameshavaa glovu mbili mbili, boksi liko mezani juu ya karatasi ya kunyonya. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Tulipangusa boksi kwa nje, tukapima ile karatasi ya kupangusia, ikawa safi. Ndani kuna vichupa viwili: kimoja cha salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) yenye salfa-35, yaani salfa ya mionzi, kingine cha kloridi ya kalsiamu yenye kalsiamu-45, nayo ya mionzi. Vyote vimo kwenye kibali chetu cha Tume ya Nguvu za Atomi, nakala yake imebandikwa mlangoni.

Salfa-35 hupungua nusu kila siku 87.4. Kichupa chetu kilipimwa kiwandani tarehe 1 Februari kikiwa na megabekereli 37, kipimo cha wingi wa mionzi. Siku 30 zimeishia njiani, kwa hiyo leo kina takriban 29.2, yaani asilimia 79 ya kilicholipiwa. Hesabu hii nitaifanya upya kila siku ya kazi, kwa sababu kipimo cha Aprili hakilingani na cha Machi mpaka upungufu urekebishwe.

Mionzi ya salfa-35 ni dhaifu. Hewani haivuki hata sentimeta 30, na ukuta wa kichupa cha plastiki unaizuia. Udhaifu huo ndio unaotaka uangalifu: tone likidondoka mezani, Geiger, kifaa kinacholia kikikuta mionzi, inaweza isilione kabisa usipoishusha karibu na meza. Mzee ameniagiza nipanguse meza, mpini wa pipeti na kitasa cha mlango kila jioni, na kila karatasi ya kupangusia iingie kwenye mashine ya kuhesabia. "Binti, usiamini macho yako na usiamini kile kinacholia. Amini karatasi."

Niandike sababu ya kazi hii, ili nisiisahau nitakapochoka. Mimi ni mtoto wa Ngarenanyuki, upande wa Mlima Meru. Maji yetu yana floridi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Meno yangu yana madoa ya kahawia, na shuleni nilikaa dawati moja na watoto waliopinda miguu. Vitabu vinaeleza vizuri jinsi floridi inavyoingia kwenye madini ya mfupa. Mimi nataka kujua hatua iliyo kabla ya hapo. Mfupa mrefu wa mtoto huanza ukiwa gegedu, kitu kigumu kinachopinda kama cha sikio, nao hurefuka kwenye bamba jembamba la gegedu karibu na ncha zake. Seli za hapo hujipanga safu kama sarafu, hugawanyika, huvimba, kisha nafasi yao inachukuliwa na mfupa. Je, floridi inagusa kazi ya seli hizo zikiwa hai, au inasubiri madini? Shajara hii haitafika huko. Kwanza nataka niwe na kipimo ambacho naweza kukiapia.

Kipimo chenyewe ni cha salfa kwa sababu gegedu limejaa minyororo ya sukari iliyopachikwa salfeti. Minyororo hiyo huvuta maji na kuyashikilia. Ndiyo inayolifanya gegedu liwe gumu na bado libonyee. Seli inapoijenga huchota salfeti kutoka kwenye majimaji yanayoizunguka. Ukiweka humo salfeti kidogo yenye mionzi, seli haiwezi kuitofautisha na nyingine, itaipachika vilevile, na wewe utahesabu. Wapo watoto wanaozaliwa na miguu na mikono mifupi sana kwa sababu mlango wa salfeti kwenye seli zao una hitilafu. Jeni lake lilitambuliwa mwaka 1994. Salfeti isipoingia, mwili haurefuki inavyopasa.

Leo pia mayai 24 ya kienyeji yameingia kwenye mashine ya kutotolesha. Mama niliyeyanunua kwake alinihakikishia: "Mwanangu, yote yana mbegu, jogoo wangu namjua."

20 Machi, Alhamisi

Siku ya 17 ya mayai. Tulipoyamulika kwa tochi siku ya saba, 19 yalikuwa na mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi. Mama alisema kweli kwa sehemu kubwa.

Kidari, yaani mfupa wa kifua, cha kiinitete cha siku 17 kina urefu kama wa ukucha wangu wa kidole kidogo, na kinapenyeza mwanga kama ukucha uliolowa. Ukikishika kwa kibano kinapinda, ukikiachia kinarudi. Sehemu ya juu, inayoelekea shingoni, imeanza kuwa na weupe: seli zake zinavimba na kujiandaa kwa mfupa. Ya chini bado ni gegedu tupu, na ndiyo ninayoichukua. Nilikata vipande, nikapima uzito wa kila kimoja, nikaweka kimoja kwa kila sahani yenye majimaji ya kukuzia na salfa-35. Sahani sita vipande hai, na sita vipande vilivyochemshwa dakika kumi, kuwa mashahidi, yaani vya kulinganishia. Saa nne ndani ya kabati la joto. Kisha nikasuuza mara mbili kwa maji ya chumvi na kuviyeyusha usiku kucha kwa papaini.

Papaini ni kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi. Bibi yangu husugulia papai bichi nyama ya ng'ombe mzee kabla ya kuipika, na kazi anayoitaka bibi jikoni ndiyo ninayoitaka mimi kwenye kichupa changu: kufumua protini iliyoshika kila kitu mahali pake. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Lewis Thomas, aliwadunga sungura papaini kwenye mshipa wa damu, masikio yao yakalegea na kuanguka, kwa kuwa gegedu la sikio lilikuwa limepoteza ugumu. Baada ya siku chache yalisimama tena. Gegedu lilijijenga upya likiwa mahali pake. Kisa hicho nimekisoma mara nyingi na bado kinanishangaza.

24 Machi, Jumatatu

Majibu yametoka na sikulala vizuri.

Mashine huhesabu hivi: sampuli huchanganywa na kimiminika ambacho hutoa kimwanga kila kinapopigwa na mionzi, na mashine huhesabu vimwanga hivyo gizani, kila kimoja pigo moja. Vipande hai vimetoa wastani wa mapigo 6,100 kwa dakika. Ningekuwa na hivyo peke yake ningempigia mama simu. Lakini vipande vilivyochemshwa, ambavyo havina seli hata moja iliyo hai, vimetoa 4,300.

Asilimia 70 ya nilichokuwa nakiita ukuaji kimepatikana kwa maiti.

Nilimpelekea Profesa karatasi. Hakukasirika. Aliuliza swali moja: "Gegedu ni nini hasa, kwa uzito?" Nikasema sehemu kubwa ni maji. "Na maji hayo yametoka wapi saa nne zile?" Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshaelewa. Majimaji ya sahani yameingia ndani ya gegedu pamoja na salfeti yake, yakakaa humo kama chai kwenye andazi. Hayo si kazi ya seli. Kusuuza mara mbili kumesafisha uso tu.

Alinikumbusha jambo la pili, la vipande vyenyewe. Kuchemsha kunabadilisha umbile la gegedu, linalainika, kwa hiyo shahidi wangu naye ana kasoro yake. Awamu ijayo kutakuwa na mashahidi wa aina mbili: waliochemshwa, na waliogandishwa na kuyeyushwa mara tatu mpaka seli zipasuke.

Mayai mengine 24 yameingia leo.

10 Aprili, Alhamisi

Wiki iliyopita umeme ulikatika kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. Mzee alifunika mashine ya kutotolesha kwa blanketi mbili alizozitoa nyumbani kwake. Mayai matatu tu yamepotea.

Leo nimebadilisha kuosha. Baada ya saa nne za mionzi, vipande vyote vimehamishiwa kwenye maji yenye salfeti nyingi isiyo na mionzi, vikakaa kwenye baridi usiku mzima, maji yakibadilishwa mara tano. Salfeti iliyolala ovyo ndani ya gegedu inasukumwa nje na wenzake wengi wanaoingia. Iliyopachikwa kwenye mnyororo haitoki kwa kuoshwa. Nilipima na maji ya kuoshea pia: ya kwanza yalikuwa na mapigo mengi mno, ya tano yamekaribia kabisa kiwango cha chumba kitupu. Ndipo nilipoacha.

14 Aprili, Jumatatu

Hai: 1,900. Waliochemshwa: 70. Waliogandishwa: 85.

Namba imeshuka hata theluthi ya ile ya Machi haifiki, na ninaipenda kuliko ile. Mzee aliisoma begani mwangu, akasema, "Sasa ndiyo mmeanza."

17 Aprili, Alhamisi

Leo hakuna kuku. Nimeshinda nikisoma kazi za waliotangulia, na nataka kuandika mbili.

Mwaka 1935, huko Copenhagen, George de Hevesy na mwenzake Chiewitz waliwalisha panya fosforasi yenye mionzi, fosforasi-32, waliyoipata kwa kuipiga salfa kwa nyutroni. Wakati ule wengi waliutazama mfupa wa mtu mzima kama nguzo ya nyumba: ukishajengwa umejengwa. Wao wakaonyesha kwamba atomi za fosforasi zinaingia mifupani na kutoka, siku baada ya siku, hata kwa mnyama asiyekua tena. Kabla yao watu walifuatilia mfupa kwa rangi nyekundu ya mizizi waliyowalisha wanyama, au kwa kutoboa matundu mawili na kupima kama yameachana. Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 kwa njia hii ya kufuatilia kwa atomi zenye mionzi.

Ya pili ndiyo mama wa kazi yangu. Mwaka 1957 Salmon na Daughaday, mjini St. Louis, walichukua gegedu la mbavu za panya waliotolewa tezi ya chini ya ubongo, panya wasiokua. Wakaliweka pamoja na salfa-35. Kila mtu alijua kwamba homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ile, kwa hiyo wakaiongeza moja kwa moja kwenye gegedu. Haikufanya jambo la maana. Wakaongeza seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe zake, ya panya mzima wa afya: gegedu likachota salfeti kwa nguvu. Seramu ya panya asiye na tezi haikufanya hivyo, lakini panya huyohuyo akidungwa homoni kwanza akiwa hai, seramu yake inapata uwezo. Maana yake homoni ilikuwa inatuma mjumbe, naye yumo kwenye damu. Walimwita kwa kazi yake, kichocheo cha kupachika salfeti. Mwaka 1978 huko Zürich, Rinderknecht na Humbel walichapisha mpangilio wake wote: asidi amino 70, kitu tunachokiita leo IGF-1.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1982 watafiti wa Sweden walidunga homoni ya ukuaji kwenye bamba la ukuaji la mguu mmoja wa panya, na mguu ule ukarefuka kuliko mwenzake. Kumbe homoni ina njia yake ya moja kwa moja pia, ila kipande kilichokatwa na kuwekwa kwenye sahani hakikuweza kuionyesha. Nimeandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu kwenye daftari. Sahani inajibu swali la sahani.

8 Mei, Alhamisi

Jaribio la seramu, mara ya kwanza, limeharibika, na kosa ni langu. Sahani zisizo na seramu zilionekana kufanya kazi chini mno, hata chini ya zile za Aprili ambazo zilikuwa na majimaji yaleyale. Nimerudi kwenye daftari mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeogopa ukungu, nikaongeza dozi ya streptomaisini kwenye majimaji ya sahani hizo peke yake. Streptomaisini ya dukani ni chumvi ya salfeti! Nimemimina salfeti isiyo na mionzi kwenye upande mmoja wa jaribio, na yenye mionzi ikazidiwa idadi. Seli zilichota kama kawaida, ila kila zilipochota mara nyingi zilikuta isiyohesabika.

Nimemwambia Profesa mwenyewe kabla hajauliza. Kuanzia leo majimaji yote yanatoka kwenye chupa moja, na jumla ya salfeti imeandikwa kwenye lebo.

15 Mei, Alhamisi

Tumerudia. Seramu ya jogoo, asilimia 5. Vipande vilivyopata seramu vimechota karibu maradufu ya visivyopata. Mashahidi wafu hawakusogea, wawe na seramu wasiwe nayo. Ni kitu kilichojulikana tangu 1957, lakini kimetokea mbele yangu, kwenye gegedu la kuku wa jirani.

29 Mei, Alhamisi

Sasa kalsiamu-45. Nilitaka kuwa na alama ya pili, ya upande wa mfupa, nikachagua muundi wa kiinitete: ncha zake ni gegedu, katikati ni mfupa tayari. Utaratibu uleule, hai kwa wafu, kuosha kwa kalsiamu isiyo na mionzi, maji mara tano.

Miundi hai na miundi mfu imetoa karibu hesabu moja.

Nikaosha tena siku nzima. Ikapungua kidogo kwa zote, sawasawa. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikiwaza kosa liko wapi, mpaka nikakumbuka ndoo ya nyumbani.

Nyumbani Ngarenanyuki mama ana ndoo ya chujio, na ndani yake kuna mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo Arumeru, kimefanya kazi ya mkaa huo kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa chengachenga, maji yanapitishwa humo na floridi inabaki kwenye chenga. Ng'ombe yule alichinjwa zamani. Hana seli, hana damu, mfupa wake umepita motoni, na bado unaokota floridi majini na kuachia vitu vyake, mpaka unajaa na inabidi ubadilishwe. Nimekunywa maji ya ndoo hiyo tangu utoto. Nilikuwa na jibu mdomoni kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo muundi wangu mfu haukuwa na kosa. Uso wa madini ya mfupa hubadilishana atomi na maji yanayougusa, kalsiamu kwa kalsiamu, bila kuhitaji uhai. Katika saa nne za sahani, mabadilishano hayo yanaifunika kabisa kazi ndogo ya ujenzi. Kwenye mnyama hai anayekua kwa wiki nyingi mambo ni tofauti, kwa sababu madini mapya hufunika ya zamani na atomi zikazikwa ndani zisikoweza kubadilishana. Kwangu mimi, kalsiamu-45 ndani ya sahani inaonyesha madini yako wapi. Haionyeshi nani anajenga. Na floridi nayo, nikiipima kwenye mfupa, nitakuwa na tatizo lilelile. Ndiyo sababu swali langu la gegedu linahitaji salfa.

Nilimsimulia Mzee habari ya ndoo. Alicheka kwa furaha kweli, akaniambia niiandike. Nimeiandika.

6 Juni, Ijumaa

Miundi minane imekatwa kwa wembe mpya kwa urefu, imeoshwa, imekaushwa bapa na kulazwa juu ya filamu za eksirei ndani ya chumba cha giza: salfa hai mbili, salfa mfu mbili, kalsiamu hivyo hivyo. Hatukuweka nailoni katikati, kwa kuwa sehemu ya mionzi dhaifu ya salfa-35 ingeishia humo. Majuma mawili.

Katika kusubiri nimesoma utafiti wa Denmark wa 2016. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalijaza hewa kaboni-14, kaboni yenye mionzi, na kila aliyekuwa akikua wakati huo aliijenga mwilini. Walipopima gegedu la goti la watu wazima walikuta kolajeni yake, protini ya kamba zinazolishikilia, inaonyesha umri wa ujanani. Tangu mtu akomae haijafanywa upya kwa kiasi cha kuonekana, hata kwa wenye ugonjwa wa maungio. Kamba za gegedu anazozijenga mtoto ndizo atakazozitembelea uzeeni. Niliwaza wale wa dawati langu.

20 Juni, Ijumaa

Tumefungua saa tatu asubuhi. Mzee ndiye aliyezamisha filamu kwenye dawa, mimi nilishika saa. Chini ya taa nyekundu huoni kitu, kisha unaona ukungu, halafu umbo.

Salfa, hai: mfupa umetokea kama njiti yenye vichwa viwili vyeusi, na katikati hakuna kitu. Nilipoweka lenzi, weusi haukuwa sawa kote. Kwenye ncha kabisa ni wa kijivu. Chini yake, seli zinakojipanga safu na kuanza kuvimba, kuna mkanda mzito, mweusi tii, unakatika ghafla pale mfupa unapoanza. Upana wake haufiki unene wa punje ya mchele. Mkanda huo ndio kuku anakorefukia.

Salfa, mfu: filamu karibu nyeupe. Ilibidi tuigeuzegeuze dirishani kuona pale muundi ulipolala.

Kalsiamu, hai: kinyume chake, katikati nyeusi, vichwa vyeupe. Kalsiamu, mfu: vilevile, nyeusi katikati. Tulizipanga zote nne juu ya sanduku la taa, na Profesa alipoingia hakuambiwa ipi ni ipi. Alinyoosha kidole kwenye ile ya kwanza. "Hii tu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi."

Mchana tumefunga pipa la taka za salfa. Sheria yetu ya maabara ni kusubiri mionzi ipungue nusu mara kumi, siku 874, kwa hiyo lebo inasema lisifunguliwe kabla ya 11 Novemba 2027. Pipa la kalsiamu-45 litasubiri zaidi, nusu yake ni siku 163.

Mayai 24 yameingia kwenye mashine saa kumi jioni, kwa mama yuleyule. Yatafikisha siku ya 17 tarehe 7 Julai. Siku hiyo kichupa kitakuwa na asilimia 29 ya mionzi yake ya Februari, na ujazo wa kila sahani nimeshaukokotoa. Sahani nane ni za maji safi, na nane nyingine zitaongezwa floridi kwa kiwango tulichokipima kwenye bomba la nyumbani Ngarenanyuki.

Mashahidi wafu wako pande zote mbili.